Nyanya Ndani ya Chandarua

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na wenyeviti wa vijiji, na mwenyekiti mwenye mdomo mkubwa kupita wote alikuwa Bwana Kiboko. Ndani ya mdomo ule ungeweza kuegesha baiskeli. Masikio sasa, madogo kama vikombe vya kahawa, na ushauri ulikuwa haupiti humo.

Mhudumu wa afya wa kijiji alikuwa Bi Nguchiro, mwembamba, hafiki hata goti la Kiboko. Asubuhi moja alikwenda kwa mwenyekiti, akakuta vyandarua vitatu vipya vimetandazwa juu ya miche ya nyanya. Ndani ya nyumba, Siwema, kitinda mimba wa Kiboko, amelala mkekani anatetemeka. Ilikuwa malaria yake ya pili msimu huo, na ndiyo kwanza amerudishwa kutoka zahanati.

"Mwenyekiti," akasema Bi Nguchiro, "vyandarua hivi nilikupa walalie watoto."

"Panzi wanamaliza nyanya zangu, Bi Nguchiro. Watoto hawaliwi na panzi."

"Wanaliwa na mbu. Mganga wa zahanati amesema Siwema ameishiwa damu. Malaria ikimrudia tena, tutamzika."

Kiboko akapiga mwayo, aaaah, kuku wakatawanyika. "Mimi nimekua bila chandarua. Mbu akinidunga, sindano yake inapinda. Ngozi yangu hii si ya mchezo."

Bi Nguchiro akamtazama yule mtoto, meno yanagongana, ka-ka-ka. Moyo ulimuuma, na hasira zikampanda. Akazimeza, akavuta kigoda.

"Haya, tuache malaria. Nimekuja pia kukuonya kuhusu heshima yako. Unajua mbu wanaimba nini masikioni mwa watu?"

"Wanaimba zzzz."

"Hiyo ni kwako wewe. Mwenye sikio jepesi anasikia maneno. Mbu akishanyonya damu ya mtu anazijua siri zake zote, kisha anahamia kwa jirani kuzitangaza. Jana mmoja kanisimulia habari za mpunga wa kijiji."

Kiboko akafunga mdomo. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku mtu yeyote kugusa mpunga ule kabla ya mavuno.

"Kasema nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Juzi alfajiri, jaruba la tatu. Ulikula mpaka ukajamba, ukajifuta mdomo kwa jani la mgomba, na kulipokucha ukamsingizia Ngiri."

Ukweli ni kwamba Bi Nguchiro alikuwa pale pale jarubani akiwinda nyoka, na yote hayo aliyaona kwa macho yake. Hilo hakulisema.

"Lakini mimi mbu hawanitoboi," Kiboko akanong'ona.

"Wewe hawakutoboi. Watoto je? Damu ni yako, siri ni zile zile, na ngozi yao laini."

Wanangu, mzee mzima aliinuka, pu, akavikwanyua vyandarua, miche ya nyanya ikang'oka navyo. Kabla ya saa sita mchana kila mtoto alikuwa na chandarua chake, kimechomekwa vizuri chini ya mkeka. Jioni mwenyekiti akafukia madimbwi ya uani kwa mikono yake, akaitisha mkutano, akaamuru kila nyumba ifanye vivyo hivyo. Fisi aliposimama kuuliza sababu, aliambiwa akae chini.

Sababu aliipeleka Bi Nguchiro mwenyewe, akinong'ona nyumba kwa nyumba. Wenye siri nyingi ndio waliochomeka vyandarua kwa nguvu zaidi, na kwa Fisi hata mlango ulizibwa matundu.

Masika yakaja, yakapita. Siwema hakuugua tena. Akanenepa, akaanza kuwasumbua majirani kwa kelele za michezo.

Siku moja mama yake akamvuta Bi Nguchiro pembeni. "Mwenzangu, hivi kweli mbu wanatoa siri za watu?"

"Hawatoi, dada. Wanaua watoto, basi. Hilo ndilo nililomwambia mumeo kwanza, wala halikumwinua kitini."

Hadithi yangu imefika mwisho, wanangu, na funzo lake ni hili: mkubwa asiyeshtushwa na homa ya mwanawe, mshtue kwa aibu yake mwenyewe, ilimradi mtoto apone.