Zamu ya Bi Kwale

Hadithi iko mlangoni!
Ifungulieni, iingie!

Hapo zamani za kale, ndege wa bonde la mtama walitaga pamoja. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Bi Kanga na Bi Kwale walikuwa na shimo moja, mayai yamechanganyika. Mmoja akiatamia, mwenzake huenda kula na kunywa, kisha wanapokezana.

Ukaja mwaka wa vita. Kunguru akapanda juu ya mti mkavu, akapaza sauti: "Enyi kanga, bonde hili ni la wenye madoa. Kwale ni wageni." Siku ya kwanza Bi Kanga alicheka. Siku ya pili Kunguru akasema kwale wametia sumu kisimani. Bi Kanga akaacha kucheka. Siku ya tatu Kunguru akasema kwale wanatoboa mayai ya kanga. Maskini, mama akaamini. Na kule mtamani ndege walikuwa wakidonoana hadi damu.

Bi Kwale akaja kupokea zamu yake.

"Usinisogelee," Bi Kanga akamwambia. "Nenda kwenu."

"Kwetu ni hapa, shoga yangu. Na hao uliowalalia ni wanangu pia."

"Nimesema nenda."

Bi Kwale akaondoka akilia.

Bi Kanga akaatamia peke yake. Siku moja, siku mbili, siku tatu. Hakuna wa kumpokea. Kiu ikamkaba. Akasema, "Sumu au si sumu, nakimbia kisimani mara moja tu." Juu ya mti, Kunguru alikuwa anangoja hilohilo.

Bi Kanga akanywa. Maji hayakuwa na sumu. Alipoinua kichwa, Kunguru hayupo mtini. Jamani, Bi Kanga alikimbia huyo kurudi shimoni!

Akamwona Kunguru anaruka kwenda zake, mdomo mtupu. Na shimoni kuna Bi Kwale, ametandaza mabawa, mgongo umenyonyolewa, damu inamtoka. Chini yake mayai yote yalikuwa mazima, yana joto.

"Nilikufukuza," Bi Kanga akasema. "Umerudi kwa nini?"

"Nilikuwa hapo kichakani. Nilipoona umeinuka, nikajua zamu yangu imefika."

Bi Kanga akalia sana. Akamletea maji kwa mdomo, akamsafisha mgongo. Mtamani walizidi kupigana, lakini kwenye shimo lile vita viliisha siku ile.

Basi wanangu, mtu akiwahimiza mumfukuze jirani, kwanza tazameni anangoja nini hapo juu.

Hadithi nimeiatamia hadi hapa. Sasa ni zamu yenu.