Maji katika Kiti cha Nyuma

Shauri lenyewe liliandikishwa kwa jina la "Unyevu Usiobainika Asili Yake katika Kiti cha Nyuma cha Gari la Kukodi", na likapata mhuri. Sisi tuanze pale lilipokuwa bado halijapata jina.

Mtu mmoja alikuwa na mama mzee na gari la siku moja. Mtu huyo aliitwa Mhoma, mkaguzi wa mizani katika mji mmoja wa bara, mwenye sifa ya kutopokea kitu wala kusamehe kitu. Mama yake, Bi Moinaecha, alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha mlima wa moto, na ndiko alikomzaa Mhoma. Siku mlima ulipopasuka, mumewe alikuwa kaburini tayari, kando ya msikiti wa kijiji, hata mwaka haujaisha. Moto ulishuka polepole kama uji mzito, ukala migomba, ukala nyumba, ukayafunika makaburi. Bi Moinaecha akamtia mwanawe mgongoni, mtoto aliyekwisha kupita umri wa kubebwa lakini homa ilikuwa imemvunja miguu, akatembea naye hadi pwani walikokuwa wakivushwa watu. Hakugeuka nyuma, maana aliyebeba hageuki ovyo. Tangu siku ile hakurudi. Uzeeni aliomba jambo moja tu: akamwagie mumewe maji kaburini na kumwekea majani ya mrehani, kama watu wawafanyiavyo wafu wao, kabla hajawa yeye wa kumwagiwa.

Mhoma hakuwa mwana mbaya. Mifano ya wana wabaya ni myepesi, kila mtu huisikiliza akimfikiria jirani yake. Huyu aliomba likizo, akakata tiketi, akampeleka mama yake kisiwani, na walipofika akakodi gari jeupe katika ofisi iliyo karibu na uwanja wa ndege. Karani alilizunguka gari pamoja naye kwa unyenyekevu wa mtu anayezuru kaburi la walii, akimwonyesha kila mkwaruzo na nasaba yake: huu wa mbuzi, huu wa harusi, na huu bwana asiuulize. Kisha akamsomea masharti. Gari lisitoke kwenye lami. Lirudi kabla ya magharibi, likiwa kama lilivyotoka. Mhoma alifurahi sana. Nchi yenye masharti, alimwambia mama yake, ndiyo nchi ya kutembea. Bi Moinaecha alikuwa amekaa nyuma, chupa ya maji ya kisima cha nyumbani kwao bara mapajani, majani ya mrehani yamefungwa kwenye pindo la kanga. Akasema hewala.

Basi wakatembea. Mhoma alikuwa amesoma kijitabu cha watalii akakihifadhi, na kila kituo alimweleza mama yake alichokuwa akikiona. Walisimama kwenye ziwa la chumvi, akamwambia kwamba kina cha ziwa lile hakijulikani. Mama yake, ambaye dada yake alizama humo, aliitikia kwamba ndivyo wasemavyo. Walisimama kwenye ufuko wa mchanga mweusi. Walisimama juu ya mwinuko wa kuutazamia mlima, nao mlima ulikuwa umejitanda mawingu hadi mabegani kama mtu asiyetaka wageni. Na kila waliposimama, Mhoma alilizunguka gari kwanza, akainama, akafuta, ndipo akatazama mandhari.

Alasiri wakafika penye uwanja wa mawe meusi, ule moto wa zamani uliopoa. Barabara ilikuwa imekatwa katikati yake. Upande wa mlimani, kuba la msikiti wa kijiji chao lilichomoza juu ya mawe, jeupe, kama bakuli lililofunikwa. Kutoka kwenye lami hadi pale palikuwa na njia ya kokoto kali, si ndefu. Anayetumwa chumvi angekwenda na kurudi kabla mchuzi haujachemka. Bi Moinaecha alimwomba mwanawe asimame, naye akasimama.

Mhoma alishuka, akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya jiwe. Jiwe likamkata. Akarudi kumweleza mama yake, kwa upole na kwa mpangilio, kwamba mawe yale yangechana magurudumu na kukwaruza tumbo la gari. Kwamba gari si lao. Kwamba magoti yake yeye mama hayaiwezi njia ile. Kwamba dua husikika popote, Mungu hana makazi. Picha angempigia. Akampigia. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na ungeyaweka kwenye mizani yangesimama sawa. Kisha akainama kufuta vumbi mlangoni.

Bi Moinaecha akautazama mgongo wake ulivyoinama. Ulikuwa mgongo mpana, wa mtu aliyelishwa akashiba, na aliyeulisha ni yeye.

"Mwanangu," alisema, "siku ile mimi sikuwa na gari."

Mhoma akajibu kwamba ni kweli, enzi zile magari yalikuwa machache. Akaingia, akawasha, wakaondoka. Nyuma yake alisikia kioo kikishushwa, akamwomba mama yake akipandishe, vumbi litaingia. Mama akamwambia kidogo tu, baba. Baada ya kidogo kioo kikapanda.

Gari lilifika kabla ya magharibi. Karani alilizunguka mara mbili, kwa tamaa, asipate mkwaruzo hata mmoja mpya. Akampa Mhoma mkono. Akasema angalau leo ameona mtu anayejua maana ya amana. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaweka kiganja kwenye kiti, akakitazama kiganja. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa naye akaweka kiganja, akamwita aliye mkubwa zaidi. Walisimama wote watatu wakikitafakari kiti. Mwishowe aliye mkubwa zaidi alimvuta Mhoma kando na kumuuliza, kwa heshima zote, kama pengine bi mkubwa, kwa umri wake, ameshindwa kujizuia.

Mhoma aliona haya kwa ajili ya mama yake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ni mzee, wamsamehe. Akaomba kitambaa afute mwenyewe. Alipoinama ndani ya gari, harufu ya mrehani ikampiga usoni. Jani moja lilikuwa limenata kwenye ukingo wa dirisha, la pili limeangukia kizingiti cha mlango. Akageuka. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi, macho mbele, chupa tupu mkononi, pindo la kanga limefunguliwa.

Nje adhana ya magharibi ilikuwa imeanza, na ufunguo wa gari ulikuwa umekwisha kutundikwa ukutani. Wakamwekea karatasi. Mhoma, ambaye katika kazi yake yote hakuwahi kutia sahihi kipimo cha uongo, akatia sahihi kwamba asili ya unyevu haikubainika.

Asili yake ilikuwa hii. Mwanamke mmoja alimmwagia mumewe maji kupitia dirisha la gari, upepo ukarudisha nusu, na gari halikusimama.