Nani Amtoe Nje Mtoto wa Sikudhani?

Sogeeni karibu, mlioshiba na mnaongoja kupakuliwa. Mwenye hoja aiweke mkononi kabisa, kwa sababu mwisho wa hadithi hii nitaidai.

Kijijini Machungwani waliishi wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho.

Bi Kizija alikuwa na pua. Si pua ya urembo, pua ya kazi. Angepita nje ya uzio wako akakwambia wali wako umeshika chini, na kwamba jana ulikaanga dagaa wakati jirani alipoomba mboga ukasema huna. Watu wa Machungwani hawakuwa na siri mbele ya Bi Kizija. Walikuwa wanaomba tu upepo usigeuke.

Somoe alikuwa na miguu. Kukiwa na msiba, Somoe kafika kabla jamvi halijatandikwa. Kukiwa na harusi, kafika bwana harusi bado anaoga. Ukimwita kutoka ng'ambo ya bonde hakujibu kwa sauti, jibu lake ulilisikia mlangoni kwako: "Nimekuja, shoga. Kuna nini?"

Raya, binti wa Bi Kizija, alikuwa na mdomo. Alisoma chuo, na huko chuoni alikuwa kwenye timu ya midahalo, ambako wapinzani waliomba maji ya kunywa kabla hajafungua kinywa. Akirudi nyumbani likizo, wauza machungwa walimpunguzia bei mapema ili wasimsikilize.

Katikati ya pua, miguu na mdomo alikuwepo Sikudhani: mkwe wa Bi Kizija, shoga wa Somoe, wifi wa Raya. Yeye alikuwa na mimba. Hakuna aliyemtaja kwa kipawa kingine chochote.

Na mimba yenyewe ilimtesa. Sikudhani hakutapika kama wengine, asubuhi kidogo, kisha ndimu, kisha basi. Alitapika uji, akatapika maji, akatapika mate yake mwenyewe. Akakonda hadi bangili zikawa zinamtoka mkononi akiosha vyombo. Mumewe, Shekue, akampeleka zahanati. Tabibu akamtazama kwa jicho moja, la pili likiwa kwenye simu.

"Mimba zote zinatapisha, mama. Kwani wewe ndiye wa kwanza?"

Akamwandikia vidonge vya kuongeza damu. Sikudhani akavitapika getini.

Nyumbani akaambiwa mtoto ana nywele nyingi. Jirani akamwambia ni wa kiume, wa kiume ndivyo walivyo. Mwingine akamwambia avumilie. Sijui nani aligundua dawa hiyo ya vumilia, lakini nimeona kwamba wanaoitoa hawajawahi kuimeza wao.

Aliyekuja ni Somoe. Alikuja na kipande cha gazeti kilichokunjwa vizuri, ndani yake majani makavu.

"Nini hiki?"

"Usiulize jina, shoga, uliza kazi yake. Mama yangu mdogo alikunywa kwenye chai katika mimba zake zote. Chemsha kidogo, kunywa, utakula."

Sikudhani alilijua jina. Hakuna asiyeijua bangi Machungwani. Inaoteshwa huko juu mlimani nyuma ya migomba, na kila mtu anajifanya haijui. Akachemsha. Jioni ile akala ugali, akafuta sahani kwa kidole, akalia kwa raha ya kushiba.

Ikawa hivyo. Akinywa, anakula. Akiacha, anatapika. Lakini kila mtoto alipogeuka tumboni, Sikudhani alijiuliza: na wewe humo ndani unakunywa? Hakuwa na wa kumwuliza. Aliamini kwamba nesi angewaambia polisi, na mama mkwe angekiambia kijiji. Kwa hiyo akalimeza swali lake, na hilo ndilo jambo pekee ambalo hakulitapika.

Sasa isikilizeni Pua.

Ijumaa moja Bi Kizija alirudi kutoka kisomoni akasimama mlangoni. Akavuta hewa. Akavuta tena. Kulikuwa na chai, kulikuwa na tangawizi, na chini ya tangawizi palikuwa na kitu kinachojificha. Akafunga mtandio kiunoni, akachukua mwiko, akaenda moja kwa moja kwa mwanawe.

"Shekue! Unavuta bangi kwenye nyumba yenye mja mzito?"

"Mimi? Mama, hata sigara sijawahi..."

"Baba yako hakuvuta! Babu yako hakuvuta! Wewe umeitoa wapi?"

Mwiko ukatua begani. Shekue, mwanamume wa kubeba magunia mawili ya machungwa kwa mpigo, akatoka mbio kulizunguka banda la kuku, kandambili moja huku, nyingine kule, kuku wakiruka, majirani wakijaa uzioni na vicheko vyao.

"Naapa, mama!"

"Apa umesimama!"

Sikudhani alikuwa dirishani, kikombe mkononi. Angenyamaza, yangekwisha. Shekue angechapwa mwiko kidogo, angenuniwa kidogo, angesamehewa. Wanaume wa nyumba ile walisamehewa haraka. Na chai ingeendelea, na ugali ungeendelea kukaa tumboni. Akakitazama kikombe. Akatoka nje.

"Mama, mwache. Ni mimi."

Mwiko ukabaki hewani. Sikudhani akamimina chai yote chini, mbele ya kuku na majirani. "Nakunywa ili nile," akasema.

Nyote mnangoja Bi Kizija apige kelele. Na majirani nao walingoja. Lakini alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akamvuta mkwewe, akamnusa utosini kama anavyonuswa mtoto.

"Mwanangu," akasema, "pua yangu inajua dagaa wa nyumba ya tatu, ikashindwa kujua kwamba chumba cha pili kuna mtu anakufa njaa." Kisha akageuka. "Shekue! Acha kujificha kwenye kuku, kaite bodaboda!"

Bila pua ile, chai ingeendelea hadi siku ya kujifungua. Hiyo moja.

Sasa usikilizeni Mdomo.

Tabibu alikuwa yule yule, na simu ile ile. Sikudhani alikuwa ametapika njia nzima, na sasa hata kukaa hawezi, amelala kwenye benchi, kichwa mapajani kwa Bi Kizija.

"Mimba zote zinatapisha," akaanza tabibu.

"Naomba kuuliza," akasema Raya, aliyekuwa nyumbani likizo. Shekue akatafuta mahali pa kukaa, kwa sababu alimjua dada yake. "Mimba zote zinatapisha, nimekubali. Na watu wote wanakohoa. Mwenye kifua kikuu naye unamrudisha nyumbani?"

"Binti, kwani wewe ni daktari?"

"Hapana. Na wewe?"

Benchi zima likacheka. Tabibu akaweka simu chini.

"Mpandishe kwenye mzani," Raya akaendelea. "Pima mkojo wake. Ukimkuta mzima, nitakuomba radhi hapa hapa, mbele ya watu hawa, kwa sauti. Ukimkuta mgonjwa, sihitaji radhi yako. Nahitaji kitanda."

Mzani ukasema. Mkojo ukasema zaidi. Na tumtendee haki tabibu: alipoona, aliinuka mwenyewe kwenda kutafuta dripu, wala hakurudi kwenye simu.

Bila mdomo ule, Sikudhani angerudishwa nyumbani kuvumilia tena. Hiyo ya pili.

Isikilizeni sasa Miguu.

Dripu ilianza kuingia, lakini Sikudhani alikuwa akitetemeka, jasho linamtoka, anaweweseka. Nesi Ndekirwa, aliyekuwa akimhudumia, akawageukia ndugu. "Kuna kitu chochote amekuwa akitumia? Dawa ya kienyeji, chochote?"

Bi Kizija akatazama dari. Shekue akatazama viatu vyake. Hata Raya, mnasikia? Raya akanyamaza. Walikuwa wamekubaliana njiani kwamba likifika zahanati lisitajwe, kuna polisi, kuna aibu. Walimpenda, na kwa kumpenda kwao walikuwa wanamficha nesi kile alichohitaji ili amtibu.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Somoe, vumbi hadi magotini. Alipata habari akiwa mlimani kabisa, akaja kwa miguu kwa kukata mashambani, na kwa namna anayoijua Mungu alichelewa kidogo tu nyuma ya bodaboda. Akaweka kile kipande cha gazeti juu ya meza ya nesi.

"Bangi. Amekuwa akichemsha kwenye chai. Mimi ndiye niliyempa. Mkiita polisi, mimi hapa, sikimbii."

"Wewe usikimbie?" Shekue akanong'ona. "Leo kweli kuna jambo."

Nesi Ndekirwa hakuita mtu. Aliuliza kiasi gani, tangu lini, akaenda kuzungumza na tabibu, wakabadilisha walichokuwa wakifanya. Sikudhani alipopata nguvu ya kusikiliza, nesi akakaa kitandani pake.

"Sikwambii kwamba wewe ni mbaya," akasema. "Nakwambia acha. Unachokunywa kinapita kwenye kondo, kinamfikia. Wako watoto wanaozaliwa wadogo kwa ajili yake, na wako wanaokuja kabla ya siku zao. Wengine wanakuja wazima. Lakini sina namna ya kukuchagulia wa kwako awe yupi. Kutapika kuna dawa, na hizo tunazijua. Ukizidiwa, njoo. Usingoje kuletwa."

Bila miguu ile, wangekuwa wakitibu wasichokijua. Hiyo ya tatu.

Sikudhani akaacha. Mnaona nilivyolisema kwa maneno mawili? Hata kijijini walilisema hivyo hivyo. Lakini vidonge vilimpunguzia tu, havikumponya. Ziko asubuhi alizokumbatia ndoo, naye akijua kwamba jani liko pale pale juu, nyuma ya migomba, na kwamba chai moja ingemlisha. Alikula kijiko cha uji, akangoja, akala kingine.

Akajifungua binti. Mzima, mzito, mwenye hasira. Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. "Analia kwa hoja!" akasema Raya. "Tazameni anavyopiga mateke," akasema Somoe. Bi Kizija alimnusa, akafumba macho, akamnusa tena. Wakamwita Mwanaheri.

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Machungwani mtoto havuki kizingiti hadi arobaini. Siku hiyo mtu mmoja humbeba na kumtoa nje aone jua, na mtu huyo huchaguliwa na mama wa mtoto, kwa sababu wanaamini kwamba mtoto hufuata tabia ya aliyemtoa. Arobaini ikafika. Ua umejaa, dufu linalia, pilau inanukia hadi barabarani. Na mlangoni wamesimama wanawake watatu, mikono sita imenyooshwa.

"Nipe mimi, mwanangu. Nani aliyenusa?"

"Ukanusa, mama, ukampiga asiyehusika," akasema Raya. "Kitanda alikipata nani?"

"Ulinyamaza nesi alipouliza, mama midahalo!" Somoe akamrukia. "Siku moja tu tulipouhitaji mdomo wako, ukaufunga. Tena nani alikuja mwanzo, wakati nyote mnamwambia avumilie? Na mtoto si huyu hapa, mzima?"

"Umevuka barabara umefumba macho, umefika, sasa unataka kutufundisha kuvuka!" Raya akamjibu.

Watu wakacheka, dufu likanyamaza ili wasikie vizuri. Shekue akajaribu: "Jamani, na mimi niliyechapwa?" Akaambiwa akageuze pilau.

Ndipo Nesi Ndekirwa, aliyealikwa, akauliza kutoka kwenye mkeka wake, sahani mkononi: "Na aliyeacha ni nani?"

Kuku peke yao ndio walioendelea na mazungumzo yao.

"Mama hamtoi mwanawe," Bi Kizija akasema taratibu. "Haijapata kutokea."

Sikudhani akampandisha Mwanaheri begani, akasogea hadi unyayo wake ukakaa juu ya kizingiti. Mbele yake mikono sita. Nyuma yake kile chumba cha pili. Mtoto akapiga chafya, na ua mzima ukasema "Rehema!"

Basi wenzangu, hapo ndipo nilipowaacha. Pua iliyokosea mtu ikapata kitu. Mdomo uliopata kitanda ukaficha neno. Miguu iliyoleta bangi ikaleta na ukweli. Na yule aliyetoka dirishani akasema ni mimi, wakati hakuna aliyemshuku. Msiniambie wamtoe wote pamoja. Mlango ule ni wa ubao mmoja, nimeupima kwa bega langu. Msiniambie pia kwamba mila ni mila, kwa sababu nitawauliza aliitunga nani, na tutakesha.

Unyayo uko kizingitini, jua liko nje, pilau inapoa. Mwanaheri atakuwa mtu wa namna ya atakayemtoa. Wewe ungekuwa Sikudhani, mtoto ungempa nani?