Mtani Aliyefunga Kinywa

Haya, nisimulie nisisimulie? Itikeni, "Simulia, bibi!" Mbona kaitika mmoja tu? Wengine mmemeza magunzi? Pukuchueni mahindi, lakini masikio yawe kwangu, maana leo hakuna sungura wala fisi.

Kale, kale ile ya wazee wa wazee wetu, mawe yalipokuwa bado mabichi, koo mbili zilikaa juu ya mlima mmoja, Wahunzi na Wafinyanzi. Na hao walikuwa watani. Mnaujua utani nyie? Thubutu! Nyie mnajua kutukanana tu. Mtani anakuambia neno ambalo angelisema mwingine mngeshikana mashati, na wewe unacheka. Ukifa, yeye ndiye anayekuja matangani akavaa nguo yako, akatembea ulivyotembea, akasema ulivyosema, mpaka wafiwa wacheke. Wakicheka, matanga yanaanuliwa. Wasipocheka, watu wanaendelea kukaa mkekani.

Basi palikuwa na Kobelo, mtoto wa Wahunzi, na Mgaza, mtoto wa Wafinyanzi. Walizaliwa msimu mmoja, wakachunga mbuzi pamoja, wakaingia jando moja. Kila kukicha Mgaza alipita kwa akina Kobelo akaita, "Mtani, bado hujafa?" Na Kobelo akajibu, "Nife nikuachie ugali wangu, mlafi we?" Kila kukicha hivyo, kila kukicha hivyo, mpaka ndevu zikawaota.

Ikatokea vita. Adui alikuja mpaka ng'ambo ya mto, Mtemi akapiga ngoma, vijana wakaitwa kwenda kulinda kivuko. Wahunzi wakaambiwa wabaki wafue mikuki. Kwa hiyo Mgaza akaenda, Kobelo akabaki.

Siku ya kuondoka Mgaza akasimama mlangoni kwa rafiki yake. "Mtani, kaa hapa na mabibi upulize mivukuto. Vita ni vya wanaume."

"Nenda zako huko!" Kobelo akamjibu. "Nenda na usirudi, kijiji kipumue!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mgaza akaenda.

Mwezi ukaandama, mwezi ukaisha. Mwezi ukaandama, mwezi ukaisha. Wa tatu ulipoandama, mjumbe akapanda mlima. Mgaza ameuawa kivukoni kwa mkuki wa ubavuni. Wenzake wamemzika hukohuko. Hakuna mwili wa kuoshwa, hakuna kaburi la kupalilia.

Watu wakalia, wee, mlima mzima ukalia. Kobelo hakulia. Yeye alisikia maneno yake tu: nenda na usirudi, nenda na usirudi. Akajiapiza moyoni kwamba ulimi uliomuua Mgaza hautatania tena.

Mama yake Mgaza aliitwa Nakunda, mjane, na huyo mtoto alikuwa wa pekee. Akaketi mkekani. Siku saba zikapita. Siku arobaini zikapita. Kobelo alifika kila siku, akampasulia kuni, akamchotea maji, akaziba paa lililovuja, ila kinywa kimefungwa. Na mvua za kupandia zikaanza kunyesha. Wanangu, kwa desturi ya huko, mfiwa hashiki jembe kabla ya matanga kuanuliwa. Majirani walipanda, shamba la Nakunda likaota magugu.

Wazee wakamjia juu Kobelo. "Mama wa watu ataozea mkekani! Tania, yaishe!"

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi, baba zangu."

Na mtani mwingine asingeweza kumshikia nafasi. Desturi ilimtaka yule aliyeingia jando moja na marehemu, basi.

Nakunda mwenyewe ndiye aliyemwita. Amekonda, jamani, mabega yamebaki mifupa. "Kobelo, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Mbona unaninyima mwanangu?"

Hapo Kobelo akapiga magoti, akatoboa yote. "Mama, mimi nilimwambia asirudi. Kwa kinywa hiki. Nikitania tena nitakuwa ninamcheka niliyemuua."

Nakunda akamtazama. Kisha akasonya. Ndiyo, akasonya, nyie msicheke! "Mjinga wewe! Unajua mjumbe aliniambia nini? Kila jioni kambini mwanangu aliwasimulia wenzake ulivyomuaga, na kila jioni wakacheka upya. Maneno yako ndiyo yaliyokuwa moto wake wa kuota huko. Aliyemuua ana mkuki, wewe una mdomo tu. Sasa inuka. Mimi sina kaburi la mwanangu, Kobelo. Nina wewe. Nani mwingine atanionyesha alivyotembea?"

Kobelo akainuka. Akaingia ndani, akaitwaa nguo ya Mgaza ukutani, akajifunga. Alipotoka, watu wote uani wakamkodolea macho, kwani alitoka tumbo mbele, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba lake, na shamba lenyewe hana. Hivyo hasa ndivyo Mgaza alivyotembea.

"Mama!" akapaza sauti ya puani, sauti ya Mgaza. "Uji wangu uko wapi? Huko vitani mpishi wao anachemsha mawe, anatuambia ni viazi!"

Aliyecheka kwanza ni Nakunda. Alicheka huku machozi yanamtiririka, na uani wote ukaangua kicheko.

"Mlafi we," Nakunda akasema. "Mbona umechelewa hivyo?"

"Njia ni ndefu, mama."

"Na sasa unakwenda wapi?"

Hilo halikuwa la utani. Kobelo akajibu, "Nakwenda, mama. Nimepita kukuaga tu."

Nakunda akanyanyuka mkekani. Akaishika ile nguo kwa mikono miwili, akaipapasa begani, akaipapasa kifuani. "Buriani, Mgaza wangu," akasema. "Nimekuona." Kisha akaifungua nguo ile, akamvua taratibu.

"Sasa wewe ni Kobelo," akamwambia. "Njoo ulie, mwanangu. Nawe umefiwa."

Ndipo Kobelo akalia.

Wajukuu zangu, rafiki yenu akifa msijifanye mahakimu wa maneno mliyoambizana kwa mapenzi. Mlieni, mcheni Mungu, kisha mtajeni kwa watu wake, maana kuna anayengoja kumsikia.

Kisa kimefika mlangoni kwenu. Anayekipenda akikaribishe ndani, asiyekipenda akiambie wenyewe hawapo.