Kidani cha Bibi Harusi na Sare ya Wapishi

Kwa jina la Mola aliyeumba shingo kabla ya mkufu, tunaanza. Shukrani ni Zake, na rehema ziwafikie waliotutangulia. Hadithi hii imepokewa kwa mabibi waliokuwa wakisuka ukili, nao waliipokea kwa mabibi zao. Mwanzo wake hasa anaujua Mwenyezi Mungu. Tegeni masikio, wanangu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakioana kwa mahari na kualikana kwa heshima, palikuwa na nyumba ya usonara ikiitwa Nyumba ya Tausi. Humo hakikutengenezwa kidani cha pili kilichofanana na cha kwanza. Tausi akishamaliza kimoja, huivunja kalibu yake ya kumiminia dhahabu mbele ya mnunuzi, kah! ili mfano wake usipatikane tena. Kwa hiyo waliovaa vidani vya Tausi walitembea vichwa juu, na wasio navyo waliwatazama kwa pembe ya jicho.

Bi Kindi, mjane mdogo wa kimo na mwepesi wa miguu, alikuwa akimwoza binti yake, Somoe. Alitoa ghala yake yote ya karanga, akiba ya ujane wake, akapewa kidani cha dhahabu na marijani, kirefu, cha kuzungushwa shingoni mara nyingi. Watu wa bwana harusi walikwisha kuambiwa kuwa bibi harusi atatolewa nje na kidani cha Tausi. Angelitolewa shingo tupu, mama mkwe angelisema jambo hilo hadi wajukuu waote ndevu.

Njiani Bi Kindi akakutana na Bwana Chui, ambaye hapana aliyethubutu kumwambia la.

"Salama, Mama Somoe! Umekumbatia nini?"

"Kuni tu, bwana wangu."

"Kuni zinazometa? Hebu!"

Nyakuu! Chui akakinyakua, akakitia shingoni. Kikamzunguka mara moja tu, sawasawa.

"Bwana Chui, hicho ni cha mwanangu. Harusi ni Ijumaa."

"Najua, nami nimealikwa. Nitakivaa hukohuko, nikae jamvi la mbele. Nitakuwa peke yangu, maana hakina ndugu hiki!"

"Na mwanangu avae nini?"

"Mvike mkia wako!" Akaenda zake akicheka.

Bi Kindi hakulia. Kwa kucha za Chui hapana mjadala. Alisimama pale akiyarudia maneno yale: nitakuwa peke yangu. "Basi," akanena moyoni, "huyu hakupenda dhahabu wala marijani. Amependa kuwa wengine hawana."

Akaenda moja kwa moja jikoni walikokusanyika wapishi wa harusi: Fisi, mkuu wa masufuria, Kunguru, mkunaji nazi, na Chura, mteka maji.

"Ndugu zangu," alisema, "kila harusi ina sare, na wapishi hamkumbukwi. Safari hii sare ni yenu."

Akawamwagia ungo wa punje za mahindi ya manjano na ungo wa mbegu nyekundu za mturituri, akawafundisha kuzitunga ziwe vidani kwa mpango uleule wa Tausi. Kwa mbali, hungelijua lipi hindi, ipi dhahabu.

Fisi akajitazama katika maji ya sufuria. "Lo! Mama Somoe, mbona napendeza hivi? Naogopa watu watanidhani bwana harusi!"

"Pendeza, baba. Ila sikilizeni: mwenye sare hii ni mwenzenu wa jikoni. Mkimwona amekaa tu, msimwonee haya. Mpeni kazi."

"Kwa hilo usitie shaka," alisema Kunguru. "Wavivu wa harusi nawajua kwa harufu."

Ijumaa ikafika. Chui akaketi jamvi la mbele, kifua mbele, kidani kikimeta, na wageni wakanong'onezana. Mara Fisi akatokeza kutoka jikoni, jasho likimtiririka, mwiko mkononi, sare shingoni.

"Aaa! Kumbe nawe ni mwenzetu! Ndugu yangu, wali unaungua huko, nawe umekaa na wageni? Shika mwiko!"

Chui akageuka. Fisi ana kidani. Nyuma yake Kunguru, ana kidani. Nyuma yao Chura, pwata! pwata! chake kikiburuta chini.

"Niondokeeni! Hiki ni cha Tausi!"

"Sote twasema hivyohivyo, mwenzangu," akajibu Kunguru.

Jamvi zima likaangua kicheko.

"Mama Somoe!" Chui akanguruma. "Waambie hawa kidani changu kimetoka wapi!"

Bi Kindi alisogea kwa adabu, mikono kifuani. "Niseme, bwana wangu? Mbele ya wageni wote, niseme kilitoka wapi, na kwako kilifikaje?"

Chui akautazama mwiko wa Fisi, akawatazama wageni. Kusema kweli ni kukiri unyang'anyi. Kunyamaza ni kushika mwiko.

"Takataka!" Akakivua kidani, akakitupa kwenye vifuu vya nazi, chwaa! akaondoka kwa hatua ndefu.

"Na vyombo je?" Fisi akamwita. "Ataviosha nani?"

Bi Kindi akakiokota, akakisuuza, akaingia ndani kwa mwanawe. Punde Somoe akatolewa nje, na vigelegele vikapasua anga.

Chui alivisikia akiwa kisimani. "Wanashangilia nini?" akamuuliza Chura, aliyekuja kuteka maji.

"Kidani cha bibi harusi, kazi ya Tausi mwenyewe. Chako umekitupa? Pole, mwenzangu. Sisi vyetu tumekwisha kutafuna mahindi yake."

Wanangu, apendaye kitu kwa kuwa wenzake hawana, siku wakiwa nacho atakitupa kwa mkono wake.

Mola awajaalie ninyi mliosikiliza, macho ya kuitambua thamani na nyoyo za kutosheka, awahifadhi wazazi wenu, na awalaze salama. Amina.