Mwosha Maiti Aliyevunja Sitara

Inasimuliwa na waliotutangulia katika wema, Mungu awarehemu, habari ya mwosha maiti aitwaye Lubaba. Nimeisimulia mara nyingi mbele ya watu, na kila nikifika katikati yake husimama nikasema laa haula, kwa sababu bado sijaizoea.

Bibi huyu aliishi katika mji wa Sidrani, nyuma ya milima ya Yemeni. Kwa miaka thelathini aliwaosha wanawake wa mji ule, matajiri kwa maskini. Na mwosha, kama mjuavyo, huona mambo ambayo hata jirani wa ukuta mmoja hakuyajua: kovu la kipigo, alama ya moto, kilema kilichofichwa na nguo umri mzima. Lubaba hakupata kutamka hata moja. Akimaliza kazi hutoka mlangoni, akajifuta mikono, akasema maneno yale yale: "Nimemwosha mja wa Mungu, na nilichokiona nimekifunika." Watu walimpenda kwa neno hilo. Wanawake wa Sidrani walikufa kwa amani kwa kuwa walijua ni nani atakayewaosha.

Basi ukafika mwaka ambao njia ya Hija ilifunguka, baada ya kufungwa miaka sita na wanyang'anyi. Mahujaji wa mabonde matatu wakakusanyika Sidrani, na safari ikapangwa kuanza kesho yake baada ya Alfajiri. Lubaba alikuwa miongoni mwao. Nguo zake nyeupe za Hija alizishona tangu miaka ile sita, na kila mwaka alizifua na kuzianika ili zisigeuke manjano. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, wala hakuna aliyemwahidi mwaka mwingine.

Asubuhi ya siku moja kabla ya safari akafariki Bi Khaula, mke wa Kadhi Nuumani, baada ya homa ya siku mbili. Siku chache nyuma alikuwa amerudi kutoka kumtembelea dada yake katika mji wa bondeni. Lubaba akaitwa. Unaiza, binti pekee wa marehemu, akawa anamimina maji yenye majani ya mkunazi, na Lubaba akawa anaosha. Alipouinua mkono wa kushoto, kitambaa kikamponyoka.

Chini ya kwapa palikuwa na uvimbe mweusi, mkubwa kama yai. Akapapasa kwa adabu juu ya nguo ya kusitiri, akakuta na mtoki kwenye nyonga. Alipokuwa msichana wa miaka tisa, Lubaba aliona uvimbe kama ule kwa kaka zake wanne, na wote wanne walizikwa katika juma moja. Tangu siku zile hakulitaja jina la ugonjwa ule.

"Tauni," akasema.

Unaiza akaweka kata chini. "Bibi, nakuomba, wewe ndiwe Lubaba! Msitiri mama yangu. Watu watasema nyumba ya kadhi imelaaniwa. Na msafara je? Si wewe mwenyewe unakwenda kesho?"

Wala tusimfanye bibi wa watu malaika. Inasimuliwa kwamba aliendelea kuosha mpaka mwisho, na katika muda huo wote alitamani kunyamaza, tena alitamani sana. Sisi husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo kilikuwa kimekwisha kulala juu ya kitanda, na bado palikuwa na mtu wa kuficha!

Alipomaliza kumvika sanda akasema, "Mwanangu, aibu ya maiti ni amana yangu, na sijapata kuivunja. Lakini hii si aibu ya mama yako. Afaye kwa tauni akiwa na subira tunamtarajia apate daraja ya mashahidi. Sitamfunika shahidi ili niwaue mahujaji."

Akamwambia asimruhusu mtu kuingia, kisha akatoka, akawa anapita katikati ya njia huku akiwapigia watu ukelele wasimkaribie.

Kadhi Nuumani alikuwa ameketi uani mwa msikiti akipokea rambirambi. Watu walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja akimbusu mkono, wengine wakilia begani mwake. Pembeni yake aliketi Jundubu, kiongozi wa msafara. Lubaba akasimama mbali, langoni.

"Ewe Kadhi," akasema, "Mungu akupe subira. Mkeo amekufa kwa tauni. Imo kwapani na imo kwenye nyonga. Msafara usitoke, na mtu asinisogelee, kwa maana mimi nimemgusa."

Mtu mmoja aliyekuwa ametoka tu kuubusu mkono wa kadhi akaupangusa mdomo wake kwa mkono wa kanzu, akapangusa tena.

Jundubu akainuka kwa hasira. "Mwosha anayefichua maiti amevunja amana, na aliyevunja amana ushahidi wake ni batili! Tena ni shahidi mmoja! Miaka sita tumengoja, leo tuzuiwe na ulimi wa mtu mmoja?"

"Kweli ni mmoja," Lubaba akajibu. "Nguo zangu za Hija zimo sandukuni, zimekunjwa. Nami sitoki. Hukumu ni yako, ewe Kadhi."

Watu wakamgeukia kadhi. Yeye alikuwa akiutazama mkono wake.

"Mashahidi ni wawili," akasema. "Uvimbe ule niliuona juzi, nilipokuwa nikimbadilisha mke wangu nguo. Nikajiambia ni jipu, na sikuamini kuwa ni jipu. Njia ilifungwa miaka sita. Nikaona vibaya niwe mimi wa kuifunga tena."

Juzi! Ndugu zangu, juzi! Mtu wa ilimu, mcha Mungu, anayeyajua mafunzo ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba nchi yenye tauni haiingiwi wala haikimbiwi. Akakaa na siri ile siku mbili, na asubuhi akawanyoshea watu mkono waubusu. Simtukani. Alikuwa mtu mwema kuliko mimi, na hilo ndilo linalonitisha.

Lakini alipoisema kweli hakuikata nusu. Akaamuru malango ya mji yafungwe, aliye ndani asitoke na aliye nje asiingie, watu wasali majumbani, na kila aliyeugusa mkono wake ajitenge. Yeye mwenyewe akamzika mkewe, akajifungia. Lubaba na Unaiza wakatengwa katika nyumba ya kuoshea maiti, kando ya makaburi. Na aliyewapelekea maji kila siku alikuwa Jundubu. Huweka mtungi juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua ishirini.

Siku ya tatu akapaza sauti, "Bibi, nisamehe maneno yangu."

"Nimekusamehe," Lubaba akajibu kutoka ndani. "Ila maji ya jana yalikuwa na tope."

Siku ya tano kadhi akafariki. Katika waliombusu mkono asubuhi ile, kumi na mmoja wakamfuata. Wanawake waliokufa majumbani mwao waliletwa kwa Lubaba, naye akawaosha, maana hakukuwa na mwingine aliyethubutu. Siku ya tisa akahisi maumivu chini ya kwapa lake la kushoto. Hakuhitaji kuambiwa ni nini.

Akamwita Unaiza. "Ukiniosha," akamwambia, "usinisitiri."

Alipokufa, Unaiza alimwosha peke yake, akamkafini kwa zile nguo nyeupe za Hija, kisha akatoka mlangoni akajifuta mikono. Jundubu na watu wachache walikuwa wamesimama nyuma ya jiwe, wakingoja maneno waliyoyazoea miaka thelathini.

"Nimemwosha mja wa Mungu," Unaiza akasema. "Na nilichokiona ni uvimbe kwenye kwapa la kushoto, mweusi, mkubwa kama yai. Ulianza kumuuma siku ya tisa tangu amguse mama yangu. Waambieni watu wote."

Malango yakafunguliwa siku arobaini baada ya maziko ya mwisho, na tauni haikutoka Sidrani kwenda bonde lolote. Enyi ndugu, kusitiri ni ibada, na mwenye kumsitiri mwenzake Mungu humsitiri. Lakini tumwombe Mola atupe na ujasiri wa kutambua siri inayolinda heshima na siri inayochimba makaburi, kwani hata kadhi alizichanganya.

Wako wanaoniuliza, na Hija yake Lubaba ilikwenda wapi? Mimi sina ilimu ya ghaibu. Najua tu kwamba mwaka ule walikutana Makka maelfu ya watu kutoka kila upande wa dunia, wakashikana mikono, wakanywa maji kwenye vikombe vimoja, wakarudi makwao wazima. Na hakuna hata mmoja wao aliyelijua jina lake.