Mabuti ya Marehemu na Kifungua Shimo

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani ile ya fisi kwenda kuposa. Nasema zamani ya majuzi, watu wana suruali na simu zao zimepasuka vioo. Palikuwa na mwanamume katika machimbo ya Ipembele, jina lake Ambilikile. Mungu alipomuumba alimpa maneno kwanza, vingine akasema atavileta baadaye.

Ambilikile alikuwa amechoka kuchimba kwa kubahatisha. Akasikia habari za mashine ya kupimia dhahabu. Ina mpini, ina sahani ya duara chini, ina visikilizio vya kuvaa masikioni kwa sauti ndogo, ingawa mlio mkubwa hata wa pembeni anausikia. Unaipitisha sahani juu ya ardhi, inapiga mapigo ya umeme kwenda chini, inanyamaza kidogo, inasikiliza jibu. Udongo mwekundu wa Ipembele, ambao huzitia wazimu mashine nyingine, hii hauibabaishi. Punje ndogo kama ya mchele inaisikia, mradi isiwe imezama mbali. Kasoro yake ni moja tu: haibagui. Ikipita juu ya dhahabu, inalia. Juu ya msumari, inalia. Juu ya kizibo cha bia, inalia vilevile. Ni kama mama mkwe, anasikia kila kitu, ila lipi la maana hajui.

Mwenye mashine hakuikodisha kwa maneno matamu. Alitaka rehani. Ambilikile akazunguka nyumbani kwake akitafuta kitu chenye thamani, akajiona mwenyewe kwenye kioo, akaendelea kutafuta. Mwishowe macho yakatua kwenye cherehani ya mkewe, Sekela. Mwenyewe Sekela alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Ambilikile akaikumbatia ile cherehani kwa upole ambao mkewe hakuwahi kuuona tangu harusi, akaipeleka. Wakakubaliana: jua likizama hajaleta dhahabu, cherehani hairudi.

Mwenye mashine akamwonya avue chuma chochote kilicho mwilini, maana mashine itakisikia hicho badala ya ardhi. Ambilikile akavua mkanda, suruali akaifunga kwa kamba ya katani. Simu akaiacha. Pete ya ndoa akaivua pia, na walioona wanasema hapo hakusitasita hata kidogo.

Miguuni je? Miguuni alikuwa na mabuti ya kuazima. Shamba alilokwenda kupima lilikuwa la Shangazi Tumpe, mjane, na Shangazi hakutaka mtu aumwe na nyoka shambani kwake halafu yeye ndiye apike msibani. Akampa mabuti ya marehemu mumewe, aliyewahi kufanya kazi kwenye mgodi mkubwa. Na mabuti ya mgodini, jamani, mbele yana chuma cha kulinda vidole. Kimefichwa ndani ya ngozi, hakionekani. Basi bwana mkubwa aliyevua mpaka pete ya ndoa akaingia shambani na vyuma viwili miguuni, anatembea kama mkaguzi wa gwaride.

Wa kuchimba alikuwa rafiki yake Masunga, mtu kutoka Usukumani, kifua kama mlango wa ghala, maneno machache. Kabla ya kuanza wakakumbushana sheria ya Ipembele. Dhahabu ya kwanza kutoka katika shimo inaitwa kifungua shimo. Haikatwi, haigawanywi; ukiikata, nyingine zote zilizoko chini zinakimbia. Inakwenda nzima kwa yule aliyeipata. Na nani aliyeipata, hutajwa na mtu aliyekodi mashine. Akishalitaja jina, halirudi.

Kazi ikaanza. Ambilikile akapeleka sahani kulia, kimya. Akairudisha kushoto, ikapita karibu na vidole vyake, mashine ikalia.

Akasema, "Chimba."

Masunga akachimba. Udongo.

Ambilikile akasogea, akapeleka sahani kulia, kimya. Akairudisha kushoto, mashine ikalia.

"Chimba."

Masunga akachimba. Udongo, na panya mmoja aliyekasirika.

Wakaenda hivyo asubuhi nzima, shamba likawa kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Mchana wakafika karibu na kichuguu. Hapo mashine ililia, Masunga akachimba mpaka magotini, Ambilikile akasimama ukingoni akapitisha sahani mdomoni mwa shimo, mbele ya vidole vyake, mashine bado inalia. Masunga akachimba mpaka kiunoni, bado inalia kwa nguvu ileile. Mchimbaji yeyote atakwambia: ukichimba na sauti isipungue, chini kuna jiwe la kukubadilishia ukoo. Ambilikile akaanza kuwagawia watu vyeo. Masunga atakuwa msimamizi wake. Shangazi Tumpe, aliyekuja na kikapu cha mihogo kuangalia shamba lake linavyoharibika, aliahidiwa nyumba ya vigae. Shangazi akasema atashukuru kwanza akirudishiwa matuta yake ya viazi.

Shimo lilipofika kifuani kwa Masunga, Sekela akatokea. Bado alikuwa na sare ya kwaya. Hakupiga kelele, na waliooa wanajua kwamba hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Akauliza, "Baba Atupele, cherehani yangu iko wapi?"

Ambilikile akamweleza kwamba cherehani imekwenda kuwaletea cherehani nyingi. Akapitisha sahani ili mkewe asikie utajiri kwa masikio yake. Mashine ikalia. Sekela akatazama sahani, akatazama shimo, akatazama miguu ya mumewe.

"Inua mguu."

"Mama Atupele, hii ni kazi ya kitaalamu."

"Inua mguu, nimesema."

Akauinua kama kuku kwenye matope. Sahani ikapita, kimya. Akaushusha. Ikalia. Akauinua, kimya. Akaushusha, ikalia. Masunga, kutoka shimoni, aliyatazama hayo mabuti kwa muda mrefu. Asubuhi yote alikuwa amechimba viatu vya mtu.

Ambilikile akavua mabuti. Akiwa peku akapima juu ya shimo: kimya kama kaburi. Akapima pembeni: kimya. Akasema kazi imekwisha, walifukie shimo, waende zao. Jua lilikuwa limeshaegemea magharibi, na Sekela alikuwa amekaa juu ya kichuguu.

Sasa, huko Ipembele shimo halifukiwi hivihivi. Kuna chepe la kuaga. Anayechimba huchota chepe moja la mwisho kutoka chini kabisa, hulimwaga juu, huishukuru ardhi hata kama haikumpa kitu. Ambilikile akasema leo hakuna cha kuaga wala kushukuru. Masunga akashika chepe. Akachota, na ule udongo akaumwaga palepale kwenye miguu mitupu ya rafiki yake, na nafikiri shukrani ndani yake ilikuwa kidogo.

Sekela akateremka kutoka kwenye kichuguu. Akamvua mumewe visikilizio, akavivaa juu ya kitambaa cha kwaya, akaipitisha sahani juu ya udongo ule. Akasimama. Akairudisha.

Akasema, "Kuna mbu analia humu."

Ambilikile akaapa ni msumari. Sekela akaugawa udongo mafungu mawili, akapima huku na huku, upande ulionyamaza akautupa. Akaugawa tena. Mwisho akabaki na gao moja la udongo, la kujaza kiganja tu, akalipitisha mbele ya sahani, akalipuliza vumbi. Kiganjani ikabaki punje ya dhahabu, kubwa kama punje ya hindi, imejikunja kama sikio la mtoto.

Watu wanne wakakaa chini, punje ikawekwa juu ya buti la marehemu ili kila mtu aione na mtu asiishike.

Ambilikile akaanza. Ni yake. Nani aliyeleta mashine? Nani aliyepachagua pale? Kakosea, sawa, lakini kakosea palepale penye dhahabu, na hicho nacho ni kipaji. Asingekosea yeye, wangekuwa wapi sasa hivi?

Shangazi Tumpe akaweka kikapu chini. "Wewe hukuchagua kitu, mwanangu. Yaliyolia ni mabuti, na mabuti ni ya mume wangu. Marehemu kafa na bado anapiga zamu, leo mnataka kumlia mshahara wake? Kaburi lake halina hata saruji, mbuzi wanalipanda. Nipeni hiyo nikamjengee."

Masunga akazungumza akitazama mikono yake. "Mimi sikushika mashine, wala sikuvaa mabuti. Nilichimba. Uliposema tuondoke, nisingechota chepe la kuaga, saa hizi ingekuwa imefukiwa. Kaka, kwetu sijarudi tangu mdogo wangu aoe. Mama akinipigia simu kuniuliza nakuja lini, namwambia mvua zikiisha. Mvua gani hizi haziishi? Naona aibu kurudi mikono mitupu, basi."

Ambilikile akamtazama mkewe, akajaribu kutabasamu.

Sekela akasema, "Mabuti yalidanganya, nikayakamata. Udongo ulikuwa miguuni kwako, ukauita msumari. Niliyeisikia ni mimi, na cherehani iliyokodi mashine ni yangu. Sasa nisikilize vizuri. Ukiipata wewe, utaikomboa cherehani na mimi nitarudi nyumbani, maana sina pa kuanzia. Nikiipata mimi, nitaikomboa mwenyewe, nitaipakia kwenye pikipiki, nitakwenda nayo kwa mama, na Atupele nitamchukua. Wakiipata hawa, cherehani imekwenda, na sisi tutajuana."

"Mama Atupele, sasa hapo nitaje nani?"

"Usijitaje kwa sababu unaogopa. Wala usinitaje mimi ili watu wakusifu. Taja aliyeipata."

Ambilikile, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukosa la kusema, akakaa peku mbele ya buti. Akimtazama Masunga, anaona mama mzee ameshika simu. Akimtazama Shangazi, anaona mbuzi juu ya kaburi. Akimtazama Sekela, anaona mgongo wake juu ya pikipiki. Na nafsi yake ikamnong'oneza kwamba ni yeye aliyewaleta wote pale, kwa ujinga wake mwenyewe, na ujinga nao una gharama zake. Jua lilikuwa limeshagusa vichwa vya miti ya miyombo. Akavuta pumzi ya kusema.

Hapohapo mshikilieni, asiseme kwanza. Maana nyinyi mliokaa hapa mkicheka mmeona yote: mabuti yalilia, Masunga akachimba na kuaga, Sekela akasikia, na yule mpumbavu ndiye aliyekosea mahali sahihi. Jina ni moja, na likitoka halirudi. Je, kifungua shimo kilimstahili nani?